Jino la Mama wa Meno

Kabla ya kugusa jino la mtu, Mama wa Meno aliuliza habari zake kama anayeuliza habari za mgonjwa aliyeachwa nyumbani. Lilianza lini? Linamwamsha saa ngapi? Likikutana na maji baridi linafanya nini? Mkulima aliyetembea kutoka Luvungi, shavu limefungwa kitambaa, alianza kwa kujibu neno moja moja. Baada ya muda kidogo alikuwa anasimulia mavuno ya pamba, posa ya dada yake na mvua iliyobomoa jiko, kwa kuwa jino lilianza wiki ile ile ya jiko. Mama wa Meno alisikiliza yote, mikono imetulia mapajani. Waliokuwa kwenye benchi la nje walinung'unika kwamba anachelewesha watu, lakini zamu yao ilipofika nao walisimulia mpaka wakachoka.

Maneno hayo yote yalipita kwangu. Kiswahili chetu cha ufuko wa Tanganyika alikijua, alikiokota sokoni pamoja na ndagala, dagaa wetu wa ziwani, na muhogo. Ila wakulima wa bonde la Ruzizi wengi walileta maumivu yao kwa Kirundi, na mtu anayeumwa hatafuti lugha ya pili. Mimi nilikuwa nimetoka shule ya ualimu na diploma ambayo shangazi yangu aliizungushia kitambaa na kuificha chini ya nguo zake, asije panya akaisoma kabla ya wageni. Asubuhi nilifundisha kalasi ya tatu katika shule ya misheni. Alasiri nilikaa kwenye kigoda kando ya kiti cha Mama wa Meno nikatafsiri. Ilikuwa hivyo kwa miaka minne.

Jambo moja niliseme mapema, kwa sababu bila hilo mengine hayana uzito. Tangu mwaka wa pili alisema wazi, mbele yangu na mbele ya mkuu wa misheni, kwamba muda wake ukiisha na yeye akirudi Amerika, koleo litabaki mkononi mwangu. Hakukuwa na mtu mwingine. Kutoka Uvira mpaka Kamanyola, mtu mweusi mwenye jino bovu alikuwa na Mama wa Meno, au alikuwa na kisu cha jirani. Mkuu wa misheni aliandika barua, ruhusa ikaja na muhuri wa Leta, serikali ya Wabelgiji. Kilichobaki kilikuwa mkono wangu tu. Alinifundisha kwa taya za ng'ombe alizoomba kwa wachinjaji, na taya za ng'ombe nilizing'oa vizuri, kwa kuwa mfupa haukutazami machoni. Mtu aliye hai sikuweza. Kila nilipokaribia niliwaza: kama mzizi ukivunjika? Kama damu ikikataa kusimama? Kama nikifanya sawa lakini mtu huyu akafa mwezi ujao kwa malaria, watasema nini huko kwao? Kabla sijamaliza kuwaza, jino lilikuwa limekwisha kutoka, limetolewa na yeye, na mwenye jino alikuwa anadai apewe alichukue.

Maana kwetu mtu haachi kipande cha mwili wake kwa mgeni. Misheni nyingine, nilisikia, waliwacheka watu kwa hilo. Yeye hakucheka. Alilifunga kila jino katika kipande cha jani la mgomba, akafunga kwa uzi, akalitoa kwa mikono miwili. Kwao, alisema, mama yake aliziweka kucha za watoto wake mahali ambapo hakuna aliyepajua.

Neno alilolichukia kuliko yote ni "labda", na hilo ndilo neno langu.

"Mwalimu, muntu huyu anasema nini?"

"Labda anasema linamuuma zaidi akilala."

"Anasema ao labda anasema?"

"Anasema."

"Basi labda iko ya nani?"

Ilikuwa yangu, na nilijua. Sijui kama kuna mtu aliyewahi kuniambia jambo hilo kwa upole kama yeye. Hakupandisha sauti. Aliniangalia juu ya miwani yake, akangoja, kama anayengoja dawa ya ganzi ishike.

Lakini alikuwa na mambo yake mawili matatu ambayo sikuweza kuyapatanisha. Alipita katika kalasi yangu kila mwanzo wa muhula kuwaambia watoto kwamba sukari ni adui anayeingia akicheka. Watoto walirudia maneno hayo kwa kuimba. Saa hiyo hiyo, katika mfuko wa koti lake jeupe, mlikuwa na vipande vya sukari vilivyofungwa katika karatasi. Alivinunua kwa mzee mmoja Mwislamu mwenye duka karibu na soko, ambaye babu zake walikuja zamani kwa biashara ya ziwa. Mzee yule alimpimia taratibu, akamwangalia kwa furaha.

"Mama, minye nauza sukari, weye unang'oa meno. Tuko mu kazi moja."

"Basi unigawie faida."

"Nakugawia wagonjwa."

Alicheka mpaka akajishika shavu. Sikujali wakati ule alivyojishika shavu. Nilikumbuka baadaye.

Alipenda ziwa, lakini si kama sisi tunavyolipenda, sisi tunaolitazama ili kujua kama mitumbwi inarudi. Kila Jumapili baada ya ibada alishuka ufukoni akakaa kwenye mchanga karibu na wavuvi wanaotengeneza nyavu, akawaambia habari za ziwa la nchi ya mama yake, Nikaragwa. Alisema ni kubwa, lina milima ya moto ndani yake, na maji yake ni matamu ya kunywa. Hayo wavuvi waliyakubali. Kisha akasema ndani yake kuna papa, samaki wa bahari, mrefu kama mtumbwi, mwenye safu za meno.

"Mama, hiyo iko mamba," akasema mvuvi mmoja.

"Hapana. Haina miguu."

"Basi iko mamba kilema."

Kwa miezi mingi baada ya hapo, mvuvi yule akimwona kwa mbali alimwuliza kilema wa Nikaragwa anaendeleaje. Naye akajibu kwamba ameandika barua, meno yanamsumbua.

Watu wetu hawawezi kukaa na mgeni bila kumuuliza kabila lake, na kwake swali hili lilikuwa gumu kuliko kwa Wazungu wengine. Alikuwa na rangi ambayo karani wa Leta hakuwa na safu yake katika daftari. Nywele zake zilikuwa nyeusi, nzito, amezisuka mkia mmoja. Mwanamke mmoja wa bondeni alimwuliza akiwa tayari kitini, mdomo wazi nusu.

"Mama, weye uko muntu wa wapi? Haiko muzungu sawasawa."

"Nilizaliwa San Francisco, Amerika. Baba na mama walitoka Nikaragwa."

"Nikaragwa iko ng'ambo gani ya Tanganyika?"

"Ng'ambo zote, ukitembea sana."

Mwanamke akaridhika. Mimi sikuridhika, ndivyo nilivyo. Nikaanza kumwuliza maswali, na siku moja badala ya kujibu alifungua mlango wa kabati la dawa. Upande wa ndani wa mlango alikuwa amebandika picha, nyingi zimekatwa kwenye magazeti, nyingine zimeanza kuwa na rangi ya chai. Wote, alisema, ni watu wa Amerika ambao wazazi au babu zao walitoka Nikaragwa. Alinionyesha mmoja mmoja kwa ncha ya kalamu. Huyu kijana anarusha mpira katika timu ambayo watu hulipa kuiona. Mwanamke huyu alisomea sheria akiwa anafua nguo za watu, na sasa anawatetea mahakamani wanaovuna matunda. Huyu ni askari aliyerudi vitani na nishani na mguu mmoja, akafungua shule ya kufundisha useremala. Huyu anapiga piano katika hoteli kubwa, na wageni wanadhani ni Mwitaliano, naye amechoka kuwasahihisha.

Pembeni, chini kabisa, kulikuwa na picha isiyo ya gazeti. Mwanamume mnene mwenye aproni alisimama mbele ya magunia, kijiko mkononi.

"Na huyu?"

"Mjomba wangu. Alionja kahawa bandarini. Akionja alijua mlima ilikotoka, na upande wa mlima."

"Lakini huyu hayuko katika gazeti."

"Gazeti limechelewa," akasema, akafunga kabati.

Nililichukua neno hilo nikalipeleka kalasini, na likaniletea taabu. Niliwasimulia watoto habari za kabati lile. Nilidhani watafurahia mpira na piano. Msichana mmoja wa Kavimvira, asiyezungumza mara nyingi, akauliza: "Mwalimu, na watu wakubwa wa Uvira ni nani?" Nilifungua kitabu cha kusomea nikijua sitawapata humo. Kulikuwa na mfalme wa Wabelgiji akiwa amepanda farasi, na daraja la mto ambao si wetu. Nilisema nitajibu kesho. Kesho nikasema nitajibu wiki ijayo. Nilipomweleza Mama wa Meno hakunipa jibu. Alinipa mkasi aliokatia magazeti. Mpaka leo nina ukurasa katika daftari langu ambao nimeuachia nafasi, na sijui nianze na nani, kwa sababu nikimweka fulani, kwa nini nisimweke jirani yake?

Yeye mwenyewe hakujiweka kwenye mlango ule, ingawa alikuwa mwanamke pekee katika kalasi yake ya udaktari wa meno. Nilijua hilo kwa mkuu wa misheni. Nilipomwuliza alisema mwalimu mmoja alimwambia kwamba mikono yake ni midogo mno kwa kazi hiyo. "Minye nilimwuliza," akasema, "Bwana, kinywa chako kina ukubwa gani?"

Mara moja tu nilimwona amekasirika kweli, na hata hasira hiyo ilikuwa na ukimya wake. Tulikwenda Usumbura, mji wa ng'ambo ya mto, kuchukua dawa ya ganzi katika dirisha la dawa ambalo lilikuwa na upande wa Wazungu na upande wetu. Alisimama upande wa Wazungu. Mtumishi wa dirishani, kijana wa Kizungu mwenye shati lililopigwa pasi vizuri, alimwonyesha kwa kidole azunguke nyuma. Mama wa Meno akatoa pasipoti ya Amerika. Kijana akaisoma, akawa mwekundu, akasema Madame, akavuta kiti.

Mama wa Meno alirudisha pasipoti mkobani, akazunguka nyuma, akasimama katika mstari wetu, nyuma ya mwanamke mwenye mtoto mgongoni. Nilimfuata nikiwa na wasiwasi mkubwa. Niliwaza watatunyima dawa, watamwandikia barua mkuu wa misheni, watanikumbuka mimi uso wangu. Tulisimama mpaka adhuhuri, tukapewa dawa kama wengine. Njiani, tulipovuka mto Ruzizi, alisema bila kunitazama:

"Mlango uliofunguliwa na karatasi, karatasi ikiloa unafungwa."

Kisha akanunua muwa kwa mtoto wa barabarani akaumenya kwa meno yake, yeye, daktari wa meno, na juisi ikamtiririkia kidevuni.

Sasa nifike kwa mama mkwe wangu, ingawa wakati ule alikuwa bado hajawa. Mahari ya binti yake ilikuwa inazungumzwa. Kwetu mkwe na mkwe hawatazamani ovyo. Sili mbele yake, naye hafungui kinywa chake mbele yangu, hata kwa kupiga miayo. Alasiri moja pazia likasogea, akaingia mwanamke wa Runingu amejifunika kitenge mpaka machoni. Nilimjua kwa vidole vya miguu: mama mkwe. Naye alinijua, akasimama katikati ya chumba kama mtu aliyekanyaga siafu.

Nilipaswa kutoka. Lakini alizungumza Kirundi tu, na nikitoka nani atasema maumivu yake? Nikibaki, ni aibu. Nikitoka, ni kumtupa. Nilifanya kama kawaida yangu, nikachagua nusu: nilibaki, nikageukia ukuta.

Mama wa Meno hakujua lolote. Aligonga jino la kwanza kwa mpini wa kioo chake.

"Mwalimu, muulize kama ni hili."

Nikauliza ukuta. Mama mkwe akajibu ndiyo, upesi, kabla swali halijaisha. Katika upesi ule nilielewa kila kitu. Alikuwa hajibu kuhusu jino. Alikuwa anataka kufunga kinywa. Nilijua, na nikawaza, labda nimekosea, na hata kama sijakosea, nitasemaje kwamba mkwe wangu anasema yasiyo kweli? Nilitafsiri: "Anasema ndiyo."

Jino lilitoka zima, jeupe, bila tundu.

Kesho yake mtu akaja na habari kwamba maumivu yako pale pale, akamweleza Mama wa Meno desturi ya mkwe na mkwe. Mama wa Meno alivaa kofia yake ya majani, akachukua mkoba wake, akaanza safari ya Runingu kwa miguu. Mimi nilikuwa hatua thelathini nyuma. Katikati ya njia alisimama akaningoja.

"Ulijua?"

"Labda nilijua."

"Mwalimu."

"Nilijua."

Akaanza kutembea tena.

"Kosa ni letu wawili. Minye sikujua desturi. Weye ulijua, ukanyamaza. Yako iko kubwa kidogo."

Tulipofika, aliomba radhi mlangoni akiwa amepiga goti. Mimi niliwekwa nyuma ya uchanja wa mihogo inayokaushwa, mahali ambapo sionwi. Kutoka huko nilitafsiri kwa kupaza sauti, na kijiji kizima kilitoka kusikiliza.

"Muulize kama ni hili!"

"Anauliza kama ni hilo!"

"Siyo!"

"Anasema siyo!"

"Na hili?"

Safari hii ilichukua muda. Mama mkwe alijibu akiwa huru, akasimulia habari za jino lake tangu mwanzo, na lililotoka lilikuwa lenyewe. Baada ya juma moja alimtumia shangazi yangu ujumbe kwa mpita njia: "Nimempa binti, nimempa na jino zima. Asiniombe kitu kingine." Mahari ilipungua mbuzi mmoja, shangazi akasema ni kwa ajili ya jino. Mpaka leo sijui kama alitania.

Tangu siku hiyo Mama wa Meno hakumkalisha mtu kitini bila kuuliza kwanza: "Mkwe wako iko humu ndani?" Watu walicheka, lakini wengine walisema iko, na mtu akatoka. Mimi sikucheka. Jino lile jeupe lilinikalia moyoni. Lilitoka kwa sababu niliona nikanyamaza. Kila alipoweka koleo mkononi mwangu mbele ya mtu aliye hai, nilirudisha. Aliacha kunisukuma. Alikuwa ananiambia tu, kila mwanzo wa mwezi, miezi mingapi imebaki.

Zilipobaki wiki mbili nilifika siku ya soko asubuhi, shule imefungwa, benchi limejaa mpaka nje ya ua. Mama wa Meno alikuwa amekaa katika kiti cha wagonjwa. Nilidhani anapumzika. Uso wake ulikuwa umelegea kwa kukosa usingizi, na koti lake halikuwa na sukari mfukoni.

"Mwalimu, funga mlango."

Nikafunga.

"Siku tatu sijalala. Jino la chini, upande huu. Mkuu wa misheni anataka kunipeleka Usumbura kwa daktari wa Bazungu."

"Labda ni vizuri uende, Mama."

"Ninaweza kwenda. Gari iko. Lakini benchi lote litaona gari. Watasema, hata Mama wa Meno haamini mkono wa Mwalimu. Na minye nikiondoka, nani atakuja tena hapa?" Alifumba macho kidogo, maumivu yalipita usoni kama kivuli cha ndege. "Ukishindwa leo, nitakwenda kesho. Sitakusema kwa mtu."

Nje, mwanamke mmoja aliyekuwa ameweka sikio mlangoni aliwaambia wenzake: "Kinyozi hajinyoi."

Niliosha mikono mara tatu. Nilichemsha vifaa, nikavihesabu, nikavihesabu tena. Kisha nikachukua kioo kidogo cha mkia mrefu, nikainama juu ya kinywa nilichokuwa nimekisikia kikizungumza miaka minne bila kukitazama ndani. Meno yake mengi yalikuwa yamezibwa, yamezibwa vizuri, na madaktari wengine huko San Francisco. Alinyoosha kidole: hili, la chini, la pili kutoka mwisho.

Nililitazama. Lilikuwa limechakaa, lakini zima. Fizi yake ilikuwa ya rangi nzuri. Niligonga, akasema linauma. Niligonga la jirani, akasema nalo linauma. Anajua kuliko mimi, niliwaza. Amesoma miaka mingi kwa ajili ya hilo jino na mengine yote. Ni mkubwa wangu, ni mama, amelionyesha kwa kidole chake mwenyewe. Mimi ni nani wa kumwambia mtu jino lake ni lipi? Nikaona nimekaribia kuchukua koleo ili jambo liishe, na nikajua upesi ule ni wa nani. Nilikuwa nimeusikia nikiwa nimegeukia ukuta.

Basi nikafanya kitu ninachokiweza, kuwa na wasiwasi. Nilitazama kila jino, moja baada ya jingine, chini na juu, mbele na nyuma, kama mtu anayetafuta sarafu katika nyasi. Alianza kuchoka, akagonga mkono wa kiti kwa kidole. Sikuacha. Juu kabisa, nyuma ya jino la mwisho, mahali ambapo mtu hawezi kujiona hata akiwa na vioo viwili, palikuwa na giza dogo lenye ukubwa wa punje ya mtama.

Nilichovya pamba katika maji ya mtungi, baridi, nikaigusisha kwenye jino la chini alilolionyesha. Alitulia tu. Nikaichovya tena nikaigusisha juu.

Alinishika mkono kwa nguvu hivi kwamba alama za kucha zilikaa siku nzima.

Maumivu yalipopita nikasema: "Mama, ni la juu. La mwisho."

"Ni la chini," akasema, machozi yamejaa. "Maumivu ni yangu, Mwalimu. Ninayasikia chini."

"Najua unayasikia chini. Lakini yanatoka juu."

"Labda?"

"Haiko labda."

Alinitazama bila miwani, kwa hiyo sijui aliona nini. Sikuangalia ukuta. Nilingoja, mikono yangu ikiwa na maji yanayodondoka sakafuni. Kisha akaegemeza kichwa na kufungua kinywa.

Sindano ya ganzi nilimpiga taratibu kama alivyonifundisha, nikamwacha mpaka shavu likafa. Jino lilikataa mwanzoni, nikalitikisa nje na ndani, nje na ndani, bila haraka, na nikashangaa kwamba katika kinywa cha mtu kuna joto ambalo taya za ng'ombe hazina. Lilitoka na mizizi yake yote mitatu. Nyuma yake kulikuwa na tundu jeusi, na kutoka tunduni harufu ya siku tatu.

Niliweka pamba, akaiuma. Alichukua jino kutoka kiganjani mwangu, akaligeuza kwenye mwanga wa dirisha, akalitia ncha ya ukucha tunduni. Kisha akaingiza ukucha kinywani akaligonga lile la chini. Akagonga tena, kwa nguvu. Halikumwambia kitu. Akaliweka jino la juu mfukoni mwa koti lake, akasimama akijishikilia meza, akatembea mpaka kwenye kigoda cha mtafsiri, akakaa.

Nikafungua mlango kwa sababu chumba kilikuwa na joto. Wa kwanza kwenye benchi alikuwa mzee wa Kamanyola, mwenye fimbo na kitambaa cheupe kilichofungwa chini ya kidevu. Aliingia kabla sijamwita, akasimama kati yetu. Alimtazama Mama wa Meno na pamba yake shavuni. Alinitazama mimi, na damu iliyokuwa kwenye vidole vyangu.

"Nani iko nafanya kazi leo?"

Mama wa Meno alikuwa anasafisha miwani yake kwa pindo la koti, kichwa kimeinama, kama mtu asiyehusika.

Mzee akaegemeza fimbo ukutani. Akakaa kitini, akafungua fundo la kitambaa polepole kwa vidole vyake vizee, akakikunja, akakiweka pajani. Kisha akageuza uso kwangu, akafungua kinywa.